Pimeni intaneti ndani ya nyumba



Tangu Safaricom izindue 5G Oktoba 2022, intaneti ya nyumbani isiyohitaji waya imesifiwa sana. Wengi wetu hapa Kabati tunaitegemea. Ninalolalamikia ni jinsi inavyopimwa.

Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupima ubora wa mitandao ya simu kwa magari yenye vifaa yanayopita barabarani. Hilo linamfaa mwenye simu anayesafiri. Ruta haisafiri! Imekaa sebuleni, chini ya mabati, nyuma ya ukuta wa matofali, na mabati huzuia mawimbi kuliko wengi wanavyodhani. Matokeo ya barabarani hayamwambii mwenye nyumba atapata nini akilipia.

Tena, nguvu ya mawimbi pekee haitoshi. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta, nguvu ya -80 dBm ni nzuri na -110 ni dhaifu. Lakini hata ukiwa na -80, mnara ukielemewa saa mbili usiku, watoto wakiwa kwenye kazi za shule na majirani wakitazama mpira, kasi huporomoka. Anayepima saa nne asubuhi hayaoni hayo.

Uingereza, mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, amewahi kutumia vifaa vidogo vilivyounganishwa na ruta katika nyumba za watu waliojitolea, vikipima mchana na usiku. Naiomba Mamlaka yetu ifanye vivyo hivyo, miji midogo kama Kabati ikiwemo, na itangaze matokeo kwa kila wadi, kwa saa, kabla mwananchi hajafunga mkataba.

Msomaji,
Kabati, Kitui