Nguruwe Kakimbia, Shaba Ikalaumiwa

"Shaba haiui. Inatoboa tu." Aliyesema hivyo ni bwana mmoja wa makamo, mtu wa kwetu kabisa, Jumapili baada ya ibada, kijiti cha meno mdomoni, mbele ya jiko la nyama choma hapa Texas. Watu wazima wenye akili zao wakatikisa vichwa kukubali. Alikuwa na ushahidi: yeye na wenzake walikwenda kwenye ranchi usiku kuzijaribu risasi za shaba tupu kwa nguruwe mwitu, nguruwe mmoja akapigwa, akakimbilia kichakani, hakupatikana. Kesi imekwisha. Shaba ni upuuzi wa watu wa California.

Nilitaka kujibu, lakini pale mwenye shati la mabaka ndiye husikilizwa. Basi najibu hapa.

Msomaji wa Dodoma au Kisumu asidhani nazungumzia ngiri. Hawa ni nguruwe wa kufugwa waliorudi porini. Wahispania waliwaleta, Hernando de Soto aliteremka nao Florida mwaka 1539. Karne nyingi baadaye matajiri wakaingiza nguruwe pori wa Ulaya kwa ajili ya kuwinda, damu zikachanganyika, na leo wako milioni 6 na zaidi katika majimbo yasiyopungua 35. Texas peke yake ina zaidi ya milioni 2. Wanafukua mahindi, karanga na malisho kwa usiku mmoja, na mkulima akiamka hana la kufanya ila kutukana. Tangu 2011 sheria ya Texas inaruhusu kuwapiga kutoka kwenye helikopta, na tangu 2019 hakuna haja ya leseni ya uwindaji ukiwa kwenye ardhi ya mtu binafsi aliyekuruhusu. Hakuna msimu, hakuna kikomo cha idadi. Ndiyo maana kila mwenye risasi mpya huwajaribia wao, na kila mwenye nguruwe mmoja aliyetoroka hujiita mtafiti.

Tuitazame hoja yenyewe. Bwana yule yule aliyesema shaba inapita mno ndiye aliyetusimulia, dakika chache kabla, kuhusu "ngao" ya dume la nguruwe: lile tabaka gumu la ngozi nene linalofunika mabega, ambalo kwa maelezo yake hukomesha risasi. Sasa nani ananisaidia? Ikiwa ngao inazuia risasi, basi risasi inayopenya zaidi ndiyo anayoihitaji. Ikiwa risasi inapita upande wa pili bila taabu, ngao imekwenda wapi? Ama ngao inazuia, ama shaba inapita mno. Huwezi kula kitimoto huku ukisema umefunga.

Ukweli ni kwamba dume lile la ngao limebeba moyo wake mahali ambapo wawindaji wengi hawapigi. Wamezoea kulungu. Kwa kulungu unalenga nyuma kidogo ya bega, katikati ya kimo, na mapafu yako hapo. Kwa nguruwe, moyo na mapafu yako chini zaidi na mbele zaidi, karibu kabisa na mguu wa mbele. Ukilenga kama kulungu, unapiga ini au utumbo. Nguruwe aliyepigwa utumboni atakimbia hata ukimpiga kwa dhahabu. Tena mafuta yake mazito huziba tundu, damu haidondoki chini, na mwindaji anarudi nyumbani akisema mnyama hakupatwa na kitu. Kumbe mnyama amelala mita mia moja mbele, anaoza kwenye joto la Texas, na lawama zimekwenda kwa shaba. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Na walipiga usiku! Kwa darubini ya joto, ile inayomwonyesha nguruwe kama doa jeupe linalotembea. Kundi linatimka, mtu anafyatua mara tano kwenye makalio ya mnyama anayekimbia, halafu anaandika ripoti juu ya ubora wa madini. Nimezisikia ripoti nyingi za namna hii, na sijapata kumsikia hata mmoja akianza kwa kusema: nilimpiga vibaya.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo lingewasaidia kama wangesoma maandishi yaliyo kwenye boksi. Kichwa cha risasi cha shaba kina tundu kwenye ncha. Kikiingia mwilini kwa kasi, umajimaji hulisukuma tundu lile kutoka ndani, ncha inapasuka na kukunjuka kuwa petali, kwa kawaida nne, na upana unaongezeka. Kazi hiyo inataka kasi: vichwa vingi vya aina hii vinahitaji kama mita 550 hadi 600 kwa sekunde vinapomfikia mnyama. Sasa jamaa anachukua bunduki yenye kizuia sauti, anatia risasi nzito zinazokwenda polepole kuliko sauti yenyewe, anatumia kichwa ambacho hakikutengenezwa kwa kasi hiyo, halafu anashangaa kwamba hakikufunguka! Bila shaka kimetoboa tu. Ulikiambia kitoboe.

Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, yale yanayotiwa kwenye betri za magari, kwa hiyo kichwa cha uzito ule ule huwa kirefu zaidi. Wenye busara huchagua kilicho chepesi kidogo ili kiende mbio. Hili si siri. Kampuni ya Barnes ilianza kuuza vichwa vya shaba tupu vya kuwindia mwaka 1989. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana mvi za kwanza, na bado tunaambiwa hiki ni kitu kipya ambacho hakijajaribiwa. Wajerumani, ambao nguruwe pori wao ni wa jamii moja na hawa, walipima umbali anaokimbia mnyama baada ya kupigwa kwa risasi za madini ya risasi na zisizo na madini hayo, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Hawakupata sababu ya kuikataa shaba. Lakini Wajerumani hawakuwa pale kwenye nyama choma.

Tuje kwenye lile ambalo bwana wetu hakuligusa kabisa, nalo ni chakula. Risasi ya kawaida ina koti la shaba na kiini cha madini ya risasi, na kiini hicho hupasukapasuka. Mwaka 2009 watafiti walichapisha kazi yao juu ya kulungu 30 waliopigwa na wawindaji wa kawaida. Wote 30 walikutwa na vipande vya metali mwilini walipopigwa eksirei. Kila mmoja akapelekwa kwenye bucha yake, na nyama ya kusaga kutoka kwa 24 kati yao ilikuwa na vipande. Kisha, na hapa ningeomba mnyamaze kidogo, wakaichukua nyama hiyo wakawalisha nguruwe. Baada ya siku mbili madini ya risasi katika damu ya nguruwe wale yalikuwa zaidi ya mara tatu ya yale ya wenzao waliolishwa nyama safi ya kulungu wale wale. Jaribio la nguruwe mnalitaka? Ndilo hilo, na lilikuwa na nguruwe wa kulinganisha, jambo ambalo hamkulifikiria kule ranchi.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sumu hii ni nini. Owino Uhuru, Mombasa, watoto waliugua kwa sababu ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, mwanaharakati Phyllis Omido akapigana hadi akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mahakama mwaka 2020 ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Wale walivuta moshi bila kuulizwa. Sisi tunasaga wenyewe na kutia vitunguu.

"Babu yangu alikula nyama hiyo maisha yake yote, akafika miaka 90." Hoja hii lazima ije, na ilikuja, kutoka kwa kijana mmoja aliyekuwa anageuza mbavu. Babu yako pia alivuka mto wenye mamba. Tuwafundishe wanao kuogelea humo?

Halafu kuna wale wa njama: ati serikali inaanza na risasi, kesho itachukua bunduki. California ilipiga marufuku madini ya risasi kwanza mwaka 2008 katika maeneo ya kondori, ndege mkubwa jamii ya tumbusi aliyekuwa amebaki 22 tu duniani mwaka 1982, na ambaye hufa kwa kula matumbo yenye vipande vya madini hayo yanayoachwa porini na wawindaji. Sheria ya jimbo zima ilitiwa saini 2013 na kukamilika Julai 1, 2019. Bunduki za California bado zipo, na nguruwe wake bado wanapigwa nazo. Denmark imepiga marufuku pia, tangu 2024, na Wadenmarki wanaendelea kuwinda. Lakini hapa Marekani mambo huamuliwa kwa maonyesho: Machi 2017 waziri mpya wa mambo ya ndani, Ryan Zinke, alifika ofisini akiwa juu ya farasi, na siku hiyo hiyo akafuta amri iliyotaka madini ya risasi yaondolewe kwenye hifadhi za wanyama za shirikisho. Farasi alipigwa picha nyingi. Amri haikupata umaarufu huo.

Na tukiwa kwenye maonyesho, hao wanaolipa pesa nzito kupanda helikopta wapige nguruwe kutoka juu, kisha waache mizoga ikitapakaa shambani kwa mkulima, wasinihubirie juu ya kifo cha haraka cha mnyama. Tumbusi wa Texas watakuja kula mizoga hiyo na kila kilichomo.

Sababu ya kweli ilichomoza mwishoni, nyama ilipokuwa imekwisha. Nilimuuliza bwana wetu boksi lile la shaba alilinunua kwa bei gani. Hapo ndipo sauti ilipopanda! Ni ghali, akasema, ghali mno, na alilalamika kwa muda mrefu kuliko alivyozungumza juu ya nguruwe, ameegemea gari lenye magurudumu ya kufika kifuani mwangu. Ni kweli, shaba ni ghali kuliko risasi za kawaida. Basi aseme ni bei, na tubishane juu ya bei.