Goti Hufungwa Bandeji; Moyo Je?

Walimu wa michezo hupenda kuwasimulia vijana habari za John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, Mtanzania huyu alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Ushujaa huo wastahili sifa. Lakini shuleni tumeutolea fundisho moja tu: mwanamichezo huvumilia, wala hasemi.

Fundisho hilo lina hatari. Tumfikirie mkimbiaji wa kidato cha tatu, Mbeya au Iringa, anayejiandaa kwa mashindano ya UMISSETA. Alfajiri hukimbia katika baridi ya nyanda za juu, mchana yumo darasani, jioni uwanjani, na usiku masomo yanamdai. Akiteguka kifundo cha mguu, kwa siku moja hupoteza nafasi yake, wenzake na heshima aliyoizoea.

Sayansi yatueleza kwamba hofu huufanya mwili utoe homoni za adrenalini na kotisoli. Kwa muda mfupi humsaidia mkimbiaji. Hali hiyo ikidumu majuma mengi, usingizi huharibika, kumbukumbu hufifia, na hata jeraha huchelewa kupona. Basi yule tunayemwita mvivu huenda anaumwa. Mwaka 2019 wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki walitamka wazi kwamba afya ya akili ya mwanamichezo haitengani na afya ya mwili wake.

Je, kijana huyu amweleze nani? Mwalimu wa michezo ndiye achaguaye timu. Kumwambia "silali usiku" ni kuhatarisha nafasi. Kwa maoni yangu, anayechagua timu asiwe msikilizaji pekee. Mwalimu wa ushauri nasaha atoke ofisini, aonane na kila mchezaji kabla na baada ya mashindano, hasa aliyeumia na aliyeachwa. Atunze siri, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Dalili zikizidi majuma mawili, au kijana akitaja kujidhuru hata mara moja, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Watakaosema kwamba walimu wana kazi nyingi wanasema kweli. Hata hivyo, mazungumzo ya nusu saa hayahitaji fedha wala mitambo. Tunaye mtu wa kubeba bandeji kila tuendapo uwanjani. Tumteue na wa kusikiliza.