Inchi Ngapi, kwa Ajili ya Nani?

Kila nikirudi Arusha likizo nawakuta vijana wa rika langu gereji wakiulizana swali lile lile: "Umeinyanyua inchi ngapi?" Hawaulizani gari linabeba nini. Hawaulizani linakwenda wapi. Ni inchi tu, kama watoto wanaopimana urefu ukutani. Mimi nasema hilo ndilo swali la mwisho ambalo mtu anapaswa kuuliza anapochagua springi na shokapu za kunyanyulia gari. Tukilifanya la kwanza, tunatumia fedha nyingi kununua gari baya kuliko lile tulilokuwa nalo.

Najua mtanijibu nini, kwa sababu kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, amekwisha kunijibu: "Wewe unasoma fasihi Dar, springi zinakuhusu nini?" Zinanihusu. Baba yangu ameendesha watalii kwa zaidi ya miaka ishirini, na Jumapili nyingi za utoto wangu zilipita kando ya Land Cruiser nikimmulikia fundi tochi. Zinanihusu pia kwa sababu ya bibi. Nitafika kwa bibi.

Kaka alinunua Prado iliyotumika Japani. Ilikuja na matairi yenye kimo cha takriban inchi 31. Kaka akaona picha, akataka ya inchi 33, yenye meno makubwa. Alipoyafunga, yakaanza kukwangua bodi kila akikata kona. Fundi akamwambia dawa ni kunyanyua gari inchi nne. Tazameni mpangilio huo. Tairi lilichaguliwa kwa macho, kisha springi zikachaguliwa ili kufidia kosa la tairi. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza habari za uzito.

Tufanye hesabu, na ni hesabu ya shule ya msingi. Ekseli ya nyuma ya Prado ni moja nzima, na difu imekaa ndani yake. Ekseli hiyo inabebwa na matairi. Springi zimekaa juu yake. Ukiweka springi ndefu, chasisi na bodi vinapanda, lakini difu inabaki pale pale ilipokuwa. Kinachoipandisha ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Kutoka 31 hadi 33, difu imepanda inchi moja. Wakati huo huo mlango wa gari umepanda inchi tano: nne za springi na moja ya tairi. Jiwe la njiani limepunguziwa inchi moja, abiria ameongezewa tano.

Sisemi zile nne hazina kazi. Pua la gari likipanda, bampa halichimbi ardhi unapokwea ukingo wa korongo, na tumbo haliburuzi kwenye tuta. Tairi kubwa nalo linapata mahali pa kuzunguka. Lakini kila inchi ina bei yake, na bei hiyo haiandikwi kwenye risiti. Mbele ya Prado kila gurudumu lina mkono wake, kwa hiyo shafti zinalazimika kufanya kazi zikiwa zimeinama zaidi, na mipira inayofunika viungo vyake huchanika mapema. Mkono wenyewe umekwisha kusukumwa karibu na mwisho wake wa chini, hivyo gurudumu linapofika shimoni halina tena nafasi ya kushuka. Kwenye Land Cruiser zenye ekseli nzima hata mbele, kunyanyua huizungusha ekseli kidogo, na ile pembe inayorudisha usukani katikati hupungua. Bila kuirekebisha, gari linatangatanga barabarani na dereva anapigana na usukani siku nzima. Uzito nao umepanda juu, na gari lenye uzito juu hupinduka kwa urahisi zaidi.

Tairi lina deni lake pia. Tairi refu ni kama gia iliyoongezwa uzito: injini inahangaika mlimani, na breki zina kazi kubwa zaidi ya kulisimamisha. Hata mshale wa spidi unadanganya. Kama ulikuwa sahihi kwa tairi la 31, ukifunga 33 utasoma 80 wakati unakwenda 85. Trafiki mwenye tochi hatajali umefunga tairi gani.

Baba hana maneno mengi kuhusu haya, lakini ana utaratibu. Kabla ya kwenda kununua springi huchukua karatasi na kuandika kilo. Abiria wangapi kila siku? Keria ya juu ina nini? Tenki la akiba la lita 100 za dizeli, hizo ni kilo kama 84 bila tenki lenyewe. Bampa la chuma, friji, maji, tairi mbili za akiba. Huandika kilo za kila siku. Za safari moja ya mwaka haziandiki. Springi za mzigo mzito zikifungwa kwenye gari tupu hazikubali kukandamizwa. Kwenye mawimbi ya barabara ya kwenda Naabi gari kama hilo linaruka-ruka, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Springi laini kwenye gari lililojaa nazo zinakaa chini, na ule unyanyuaji uliolipia unapotea siku unayouhitaji. Baada ya uzito hufuata njia, baada ya njia tairi dogo kuliko yote linaloiweza njia hiyo, na mwisho kabisa inchi: zile chache zinazotosha tairi hilo lisikwangue. Mara nyingi zinatosha mbili. Mara nyingine hazihitajiki kabisa. Ukikwama mchangani, kupunguza upepo wa tairi kutakusaidia kuliko inchi nne za springi, na hakugharimu kitu.

Mtanitajia Rhino Charge ya Kenya. Sawa. Tangu 1989 magari yale yanashindana kupita porini kwa umbali mfupi zaidi, makorongo na miamba yakiwemo, na fedha zinazochangwa zimejenga uzio wa Aberdare. Yule mtu ananyanyua gari kwa sababu anaijua njia yake. Njia ya kaka ni ya kutoka Sakina kwenda Tengeru, lami tupu mpaka karibu na geti.

"Ni fedha yangu," kaka alisema. Ni kweli, ni yake. Basi nifike kwa bibi.

Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, presha ya bibi ilipanda saa saba usiku. Kaka alikuja bila kuchelewa, na kwa hilo ninamshukuru mpaka leo. Lakini bibi ana miaka 78 na goti lake la kulia halikunji vizuri. Alishika mlango, akainua mguu, ukashindwa. Akajaribu tena. Mwishowe tulimbeba watu wawili, mmoja akivuta kutoka ndani, mwingine akisukuma kutoka nje, kanga ikimvuka mbele ya majirani waliotoka na miavuli. Njia nzima hakusema neno. Tulipofika hospitali aliniambia, "Mjukuu wangu, siku nyingine msinipakie kama gunia. Niiteeni bajaji."

Tulicheka. Hatukujua kwamba alikuwa hatanii. Mara mbili baada ya hapo aliposikia kaka ndiye anakuja kumchukua, alisema anajisikia vizuri, haendi kliniki. Ilituchukua miezi miwili kuelewa kwamba mwanamke aliyelea watu kumi na mmoja alikuwa anaacha dawa za presha ili asibebwe tena na wajukuu zake.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba haya ni mambo ya ladha tu, kila mtu na yake. Kimo cha gari kinaamua nani anaweza kulipanda. Kinaamua pia kama dereva anamwona mtoto aliyesimama mbele ya boneti. Anayechagua springi huwachagulia na hao, hata kama hawakuwepo gereji.

Ukienda kwa fundi mwezi huu, nenda na karatasi ya kilo. Andika na majina ya watu watakaopanda, na umri wao. Akikuuliza "inchi ngapi?" kabla ya kuisoma, tafuta fundi mwingine.

Kaka amekubali kushusha inchi mbili akipata fedha. Kwa sasa bibi anakwenda kliniki kwa bajaji. Ina tairi tatu ndogo, hakuna aliyeinyanyua, na anapanda mwenyewe.