Lafudhi ya nani ndiyo sanifu?

Dada zangu, nawaandikia kutoka Same mjini, chini ya milima ya Upare. Leo nina neno, na huenda likawachoma baadhi yetu.

Kuna mtindo umeingia wa wasichana kulipia masomo ya kwenye simu ili waongee Kiingereza "kama Mwingereza hasa". Sina ugomvi na kujifunza Kiingereza. Kiingereza ni mtaji, anayeweza ajifunze hata usiku. Namsemea yule ambaye Kiingereza anacho tayari, ila ameambiwa ulimi wake una kasoro na sasa anatoa hela ili anyooshwe. Nina binti anayejifunza kushona kwangu. Mtalii wa kwenda Mkomazi akiingia kuuliza bei ya mkoba wa kitenge, binti anajificha nyuma ya cherehani. Maneno yote anayajua. Anaogopa atasikika Mpare. Aibu hiyo nani kaipanda?

Tuulize kwanza: Mwingereza yupi? Daniel Jones, mtaalamu wa matamshi wa London, alitoa kamusi yake mwaka 1917. Kipimo chake kilikuwa usemi wa familia za kusini mwa Uingereza ambazo wanaume wao walisoma shule kubwa za bweni za wenye pesa. Mwaka 1926 BBC nayo ikaunda kamati ya kuwaelekeza watangazaji namna ya kutamka, na mjumbe mmoja alikuwa George Bernard Shaw, mzaliwa wa Dublin, Ireland! Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakamweka Wilfred Pickles wa Yorkshire asome habari kwa lafudhi ya kwao, na Waingereza wenzake wakalalamika. Leo BBC hiyohiyo ina lafudhi za kila pembe. Hata Malkia Elizabeth, watafiti walilinganisha hotuba zake za Krismasi za miaka ya 1950 na za miaka ya 1980, wakakuta matamshi yake yamesogea kuelekea ya watu wa kawaida. Kama Malkia mwenyewe hakubaki palepale, wewe unalipia kipimo gani?

Sasa nije kwenu visiwani, mniwie radhi. Nasi tuna sanifu yetu, na haikushuka kutoka mbinguni. Wakoloni walikutana Mombasa mwaka 1928 wakachagua Kiunguja kiwe msingi. Mwaka 1930 kamati ya lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ikaanza kazi. Kimvita, chenye washairi wake wakubwa, kikaachwa. Ndiyo maana mtoto wa Mombasa anayesema "ndia" husahihishwa aandike "njia". Je, bibi yake alikuwa hajui Kiswahili?

Na hicho Kiunguja ni cha mjini. Mwanamke wa Makunduchi au Tumbatu akifungua mdomo Darajani, wapo wanaomcheka, ilhali naye ni mzaliwa wa hukohuko. Mimi nikiteleza nikasema "zambi" badala ya "dhambi", naambiwa huyo wa bara. Kisha anayenicheka mimi anakwenda kuomba kazi hotelini Nungwi, na mbele ya Kiingereza anakuwa mdogo kama punje ya mtama. Kicheko alichonipa ndicho kinachomrudia.

Mtaniambia, "Dada, kazi zinataka Kiingereza kizuri." Kweli. Lakini wageni wa Nungwi wengi si Waingereza. Mtaliano anaongea Kiingereza chenye Kitaliano ndani, anaagiza samaki wake, na sisi tunaona kinapendeza. Kwa nini chenye Kipare au Kitumbatu ndani kiwe aibu? Hata mtihani wa IELTS wanaofanya wauguzi wa kwenda kazini Uingereza haumtaki mtu asikike kama mtangazaji wa BBC. Katika matamshi, wanachopima ni kama unaeleweka bila taabu.

Basi tutenganishe mambo mawili. Kutamka ukaeleweka ni wajibu, hasa kwa mfanyabiashara. Kumi na tano na hamsini za Kiingereza zinakaribiana, ukizichanganya umekula hasara, kwa hiyo zifanyie mazoezi mpaka ulimi uzoee. Kwenye Qur'ani napo herufi lazima zitoke mahali pake, hapo hatuna mjadala. Lakini kuificha asili yako ili mtu asijue umetoka Usangi, Gonja au Makunduchi, huko si kujifunza lugha. Huko ni kuwaonea haya mama zako.

Surat Rum inatufundisha kwamba kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Nabii Musa alimwomba Mola amfungue fundo la ulimi ili watu wamwelewe, na alikiri kwamba ndugu yake Harun ni fasaha zaidi. Pamoja na hayo yeye ndiye aliyetumwa kwa Firauni. Aliomba aeleweke, hakuomba asikike kama watu wa jumba la Firauni.

Kwa hiyo hela ya hayo masomo, dada yangu, nunua kamusi, nunua kitambaa, au lipa ada ya mtoto. Na safari nyingine mwenzako akitamka neno kwa wimbo wa kwao, mjibu alichosema. Kama umemwelewa, amesema sawasawa.