Relei ya Betri Mbili Inapochoka

Katika nyumba ya mfanyakazi mwenye busara, fedha za kodi hazikai mkoba mmoja na fedha za mboga. Zikichanganyika, mwenye nyumba hubisha hodi mwisho wa mwezi na kukuta mkoba mtupu, ingawa hakuna aliyeiba. Gari-nyumba, yaani lile gari lenye vitanda, jiko na jokofu ndani yake, limeundwa kwa busara hiyo hiyo: lina betri mbili. Ya kwanza ni ya injini, na kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili stata izungushe injini. Ya pili ni ya nyumba, nayo hutoa nguvu kidogo kidogo usiku kucha kwa ajili ya taa, pampu ya maji na jokofu. Injini ikiwa inanguruma, alteneta yapasa kuzilisha zote mbili. Injini ikizimwa, hapana budi zitengane, ili taa ya kusomea isije ikala nguvu ya stata. Mlinzi wa mlango huo wa katikati ni relei.

Pengine utauliza mambo haya yatuhusu nini, sisi tupandao basi kwenda kazini. Wageni kutoka Ujerumani, Uholanzi na kwingineko huvuka bara letu kwa magari haya, wakipita Iringa na Mbeya kuelekea Tunduma, na gari likigoma njiani anayeitwa ni fundi wa hapa hapa. Tena baadhi ya magari ya kupeleka watalii mbugani, yenye jokofu la vinywaji, yamefungwa betri ya pili kwa mpango huo huo. Kijana wako akiwa anajifunza umeme wa magari, atakutana na relei hii mapema kuliko anavyodhani.

Relei yenyewe si kitu cha miujiza. Mmarekani Joseph Henry hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeibuni mwaka 1835, na jina lake latokana na farasi wa kupokezana katika safari ndefu, kama wanafunzi wetu wanavyopokezana vijiti uwanjani. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba. Umeme mdogo ukipita humo, koili hugeuka sumaku, huvuta kipande cha chuma, nacho hukisukuma kisahani cha shaba kikaunganisha boliti mbili nene. Hapo umeme mkubwa hupata njia.

Kisahani hicho ndicho kizeekacho. Kila kinapogusa na kuachana cheche huruka, na baada ya miaka uso wake huwa na mashimo na weusi. Ugonjwa huja kwa sura mbili. Kisahani kikishindwa kugusa barabara, betri ya nyumba hailishwi hata gari likienda kutwa nzima. Kikigandana na boliti kisiachie, betri zote mbili hunyonywa pamoja usiku, na asubuhi stata hutoa mlio wa unyonge tu. Familia iliyolala katika kambi ya porini, pengine na dawa ya insulini ndani ya jokofu, huamka haina ubaridi wala usafiri.

Katika sura ile ya kwanza ndipo fedha za watu hupotea. Fundi mwenye haraka huona betri ya nyumba tupu, akasema imekufa, na mteja akanunua mpya. Lakini betri mpya nayo hailishwi. Betri ya risasi ikiachwa majuma kadhaa bila chaji, sahani zake huota ukoko mgumu na maisha yake hufupika. Mteja hurudi amekasirika, na ana haki. Amelipia betri, kumbe alihitaji relei, ambayo bei yake kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri.

Wengine huitambua relei, ila huridhika na sikio. Mwenzao huwasha injini, wao husikia “tik”, wakasema relei ni nzima. Mlio huo wathibitisha kwamba sumaku imevuta, basi. Hausemi lolote juu ya umeme kupita. Dawa yake ni kipima volti, hata kile cha bei nafuu.

Pima kwanza injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Betri ya risasi iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi, na 12.2 ni kama nusu. Kisha washa injini. Betri ya injini yapasa kupanda kati ya volti 13.8 na 14.4, na ile ya nyumba iifuate kwa karibu. Ikibaki palepale ilipokuwa, nenda kwenye relei ukapime ncha mbili ndogo za koili. Zisipokuwa na umeme, relei haina hatia. Tafuta fyuzi iliyoungua, waya mwembamba utokao kwenye alteneta, au waya wa bodi uliolegea. Zikiwa nao, pima kati ya boliti mbili nene. Relei nzima huonyesha karibu na sifuri. Ikiwa injini inanguruma na wewe waona volti 1, relei imechoka. Tena ni hatari, kwani volti 1 ikipotea wakati ampea 40 zinapita ni wati 40 za joto ndani ya kikopo cha ukubwa wa ngumi, nacho mara nyingi hufungwa karibu na mbao na godoro.

Sasa kubadilisha. Hapa naomba usome polepole, maana mazoea ya gari la kawaida yaweza kumponza mtu. Katika gari la kawaida ukitoa waya hasi wa betri, umeme umekatika. Katika gari-nyumba kila boliti nene ya relei hupata umeme kutoka betri yake, hivyo ukitoa hasi ya betri moja, upande wa pili ungali hai. Toa hasi za betri zote mbili. Kabla ya hapo chomoa umeme wa nje na utenganishe paneli za jua zilizo juu ya paa. Vua pete na saa ya chuma.

Piga picha ya nyaya kwa simu, au zifunge vitambaa vya rangi. Unapofungua nati ya nje, shika ile ya ndani kwa spana ya pili. Boliti ikizunguka huvunja viungo vya ndani, na hilo laweza kuiua hata relei mpya. Sugua vichwa vya waya kwa msasa mpaka ving'ae.

Dukani kuna mtego mwingine. Relei ya stata hufanana sana na hii kwa umbo, na yaweza kuwa rahisi zaidi, lakini imetengenezwa kuvuta kwa sekunde chache tu. Ukiifunga hapa itavuta saa nane za safari, na koili yake itaungua. Taka ile ya kazi ya mfululizo, yenye volti sawa na za gari, 12 au 24, na ampea zisizopungua za ile ya zamani. Fyuzi zilizo karibu na kila betri zibaki za kiasi kile kile.

Magari mapya ya Ulaya yana alteneta ambayo kompyuta huipandisha na kuishusha volti, na baadhi ya wenye magari wamehamia betri za lithiamu. Kwa hao relei ya kawaida haitoshi; huhitaji chaja maalumu ya kati ya betri na betri.

Ukimaliza kukaza, rudisha hasi mwishoni. Washa injini upime tena betri zote mbili. Zima, subiri dakika kumi, kwani baadhi ya relei huchelewa kuachia, kisha washa taa za ndani: volti za betri ya nyumba zishuke, za injini zitulie. Baada ya saa moja ya mwendo simamisha gari, ukaiguse relei kwa mgongo wa kidole. Uvuguvugu si neno. Ikikuchoma, fungua tena ukaziangalie nati.