Kwenye gemu mbio ni za bure, Sumbawanga zinalipiwa

LEO naomba niuweke pembeni msimamo wa ligi. Najua ukurasa huu ni wa mpira. Lakini mechi ikiisha pale Uwanja wa Nelson Mandela, vijana wengi wa Sumbawanga hawanyooki nyumbani. Wanapitia kwenye mabanda ya PS, na huko nako kuna ligi. Wengi wanacheza gemu za mpira, wachache wanacheza Call of Duty, na hao wachache ndio wenye kelele kuliko wote.

Ugomvi wao ni mmoja: namna askari wa kwenye gemu hii anavyokimbia siku hizi, je, imeinogesha au imeiua? Madogo wanasema imenoga. Wakubwa kidogo, waliokulia kwenye matoleo ya zamani, wanasema imekuwa sarakasi. Nimekaa katikati muda mrefu nikila karanga zangu, leo nachagua upande.

Kwa asiyeijua, Call of Duty ni gemu ya vita, ya kurushiana risasi. Ilianza 2003 na karibu kila mwaka linatoka toleo jipya. Zamani askari wako alitembea, alichuchumaa, alilala chini, alikimbia kidogo kisha akakata upepo. Mwaka 2014 toleo la Advanced Warfare likamvalisha vazi linalomrusha hewani. Mwaka 2015 Black Ops III ikamfanya akimbie juu ya ukuta. Ilipofika 2016, video ya kutangaza Infinite Warfare ilizomewa YouTube na mamilioni ya watu, na mwaka uliofuata kampuni ikarudi ardhini na gemu ya Vita Kuu ya Pili. Tukadhani yameisha.

Wapi. Modern Warfare ya 2019 ilikuja na mbio za ziada: askari ananyanyua bunduki, anafyatuka kwa sekunde chache, kisha anachoka. Hapo hakuna ubaya. Tatizo, wajanja waligundua kwamba ukiteleza chini halafu ukaukatisha mtelezo haraka kwa vidole, pumzi inajaa upya. Unakimbia, unateleza, unakatisha, unakimbia tena. Mtu anamaliza mechi nzima hajahema! Kwenye toleo la 2022 mbinu hiyo ikabanwa, watu wakalalamika, toleo la 2023 ikarudishwa. Mwaka 2024 Black Ops 6 ikamaliza kabisa: unakimbia, unateleza na kujirusha upande wowote, hata kinyumenyume, huku unafyatua risasi.

Sasa turudi kwetu. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kule bondeni, karibu mita 1,000 chini yetu. Winga anayetoka Dar es Salaam akishuka kwenye basi anasikia baridi, anadhani hiyo ndiyo shida ya Ufipa. Shida yenyewe anaijua dakika ya 30, akishapanda na kushuka mara nne. Hapa mbio ina bei. Ukipanda kusaidia shambulizi, uwe umeshapiga hesabu ya pumzi ya kurudia. Asiyepiga hesabu unamwona tu, mikono magotini, anaangalia krosi ikipigwa upande wake kama vile haimhusu.

Wenye kumbukumbu watakumbuka Oktoba 22, 2020, wakati Tanzania Prisons wanautumia uwanja wetu kama nyumbani. Simba walikuja hapa wakalala 1-0, bao la Samson Mbangula. Simba hao hao ndio waliobeba ubingwa msimu ule. Sisemi mwinuko ndio uliowafunga, maana nitakuwa nawanyang'anya Prisons heshima yao. Nasema tu kwamba hapa hata bingwa hapewi kitu cha bure.

Chukua takolini. Kwenye mpira, kuteleza ni uamuzi wa mwisho wa beki. Ukikosa mpira uko chini, mwenzako anaondoka zake, na ukikosa ukagusa mguu unakula kadi. Ndiyo maana beki mzuri unaweza kumwangalia dakika 90 ukahesabu takolini mbili tu. Kocha aliyenifundisha utotoni alikuwa anasema beki anayelala lala hajui kusimama. Kwenye Call of Duty ya leo kuteleza hakuna hasara. Imeshindikana? Teleza tena. Umekosea upande? Jirushe upande wa pili. Hapo ndipo inaponipoteza. Kasi yenyewe sina ugomvi nayo, naipenda. Ninachokataa ni kasi ambayo hailipiwi.

Wacheza FIFA wananielewa haraka. FIFA 23 ilileta aina tatu za namna mchezaji anavyochapuka, na wale wa hatua ndefu wakawa hawashikiki. Van Dijk, beki wa kati, anawaacha mawinga! Mwanzoni tulicheka. Baada ya muda kila mtu bandani anagombania timu yenye watu wa aina hiyo, pasi zimekufa, ni mpira mrefu na kukimbia. Mpaka EA wakatoa marekebisho.

Madogo wana hoja yao na siidharau. Mmoja aliniambia, "Braza, mwendo nao ni kipaji. Au Messi naye akatazwe chenga?" Hoja nzito. Na niwe mkweli, gemu za zamani zilikuwa na ugonjwa wake: mtu anajibanza nyuma ya mlango, anasubiri upite akumalize. Kupaki basi kule kule. Anayejirusha huku na huko ndiye aliyelivunja hilo basi, na kulitazama likivunjwa kuna raha yake.

Lakini Messi akipiga chenga anauweka mpira hatarini. Unaweza kumnyang'anya. Tunapiga kelele jukwaani kwa sababu tumeona alivyokaribia kuupoteza. Chenga isiyoweza kunyang'anywa nani angeilipia kiingilio?

Kuna jamaa mmoja hapa mjini ni dereva wa bodaboda. Zamani alikuwa namba sita wa timu ya mtaa, yule anayekaba bila kukimbia sana, anajua mpira utatua wapi kabla haujapigwa. Kwenye Black Ops II ya 2012 alikuwa hivyo hivyo. Hakuwa na vidole vya haraka, ila aliijua ramani kama njia za abiria wake. Alijua utatokea mlango gani na baada ya muda gani. Tulikuwa tunamkimbia.

Siku moja alikaa na dogo mmoja, TV moja wamegawana nusu kwa nusu, toleo jipya. Dogo alitokea dirishani amelala chali hewani, anaenda kinyumenyume, na bado risasi zote zimempata. Jamaa akageuka akasema, "Huu sasa uchawi." Banda zima likaangua kicheko, maana jina la mji wetu lenyewe wazee wanatuambia ni kutupa uchawi. Yeye hakucheka. Alicheza tena mara tatu, akaiweka pedi chini, akaenda kuwasha pikipiki.

Siku hizi anakuja Jumamosi anaangalia tu. Nilimuuliza kwa nini asijifunze hivyo vidole. "Dogo, nashinda barabarani siku nzima, nije hapa na buku langu nilipie mazoezi?" Sikuwa na jibu. Dogo aliyemfunga anashinda pale bandani tangu asubuhi, na sina kinyongo naye, kafanya mazoezi. Ila akili ya kusoma mchezo, aliyoipata yule jamaa kwa miaka uwanjani, kwenye toleo jipya haimsaidii kitu. Kumkaba mtu kunawezekana kama akichagua njia moja amezikosa nyingine. Kama anaweza kubadilisha njia mara tatu ndani ya sekunde moja na halipi chochote, unakaba nini?

(Wanaocheza kwa intaneti wana msalaba wao wa ziada. Kwa mtandao wetu unaokatakata, mtu anayeteleza unamwona pale alipokuwa, yeye ameshafika kwingine. Unapiga risasi kivuli.)

Kwamba dawa haipo, sikubali. Wapinzani wao wa miaka yote, Battlefield, Agosti 2025 waliwapa watu toleo la sita walijaribu. Malalamiko yakawa yale yale: watu wanateleza na kuruka kama panzi. Kabla ya gemu kutoka Oktoba, wenyewe wakarekebisha. Ukiteleza kisha ukaruka, kasi unayobeba imepunguzwa. Ukirukaruka mfululizo, kila mruko unakuwa mfupi. Ukifyatua ukiwa hewani au unateleza, risasi zinapotea zaidi. Kuteleza hakukufutwa, kumewekewa bei. Bahati mbaya Battlefield 6 haichezeki kwenye PS4, kwa hiyo wengi wetu huku tunaishia kuiona YouTube.

Call of Duty nao ni kama wamesikia kwa sikio moja. Kwenye Black Ops 7, iliyotoka Novemba 2025, zile mbio za ziada si za kila mtu tena. Unazichagua kama kipaji na kuacha kipaji kingine. Hapo wamepatia. Halafu hapo hapo wakaongeza kuruka kwa kukanyaga ukuta. Ni kama kocha anayemtoa winga mmoja kupunguza presha, kisha anaingiza wawili.

Wakiniuliza mimi, wawaachie madogo mtelezo wao, ila wa pili ukifuata haraka uwe mzito, na anayepiga risasi akiwa hewani akubali kukosa. Ajirushe tu, lakini akitua vibaya yule namba sita awe na nusu sekunde ya kumlipa.

Hawataniuliza, najua. Kwa hiyo nimeenda kwa ninayemfikia. Nimemwambia mwenye banda aichomoe ile PS3 iliyofunikwa kitambaa kwenye kona, aiwekee TV moja kila Jumamosi jioni baada ya mechi, Black Ops II peke yake. Kanijibu wateja hawataki vya zamani, na umeme wa TV ya ziada nani analipa. Nilipomfikishia jamaa wa bodaboda jibu hilo, akatoa buku mbili mfukoni akanipa nimpelekee.