UYOGA HAUNA MBEGU, UNA CHACHU



Mitaa mingi ya Goma imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, ya mwaka 2002 na ya zamani zaidi. Jembe haliingii. Ndiyo maana uyoga unatufaa: hautaki shamba. Unakula mabua ya maharagi na majani makavu ya migomba, ndani ya chumba chenye kivuli na unyevu.

Lakini kuna neno moja linatudanganya: "mbegu". Unanunua chupa ya nafaka zilizofunikwa weupe, unaambiwa ni mbegu ya uyoga. Sasa mama akisikia mbegu, anafanya kama kwa maharagi: anaianika juani, anaiweka mpaka msimu, anaifukia udongoni. Haioti kitu. Pesa imekwenda, na watu wanasema eti uyoga ni kazi ya Wazungu.

Tuangalie vizuri. Uyoga si mmea. Hauna ile rangi ya kijani ya kutengeneza chakula kwa jua. Kile tunachokula, kofia na mguu, ni kama tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyeupe, nyembamba sana, zinazotembea ndani ya mabua. Chini ya kofia kunatoka vumbi, ndiyo spora. Hiyo ndiyo ingeweza kuitwa mbegu. Lakini ndani ya chupa si spora. Ni nyuzi zenyewe, ziko hai, zinakula nafaka. Zikikauka au zikipata joto kali, zinakufa.

Kwa hiyo mimi nasema tuiite chachu. Kila mama anajua mfano wa Matayo 13:33, chachu inayoenea katika unga wote. Tena chachu ya mkate nayo ni kuvu, jamaa ya uyoga. Anayejua chachu anajua kwamba iko hai, na kwamba haimwagiwi maji ya moto. Basi ataelewa upesi: mabua yapitishwe katika maji ya moto, yapoe kwanza, ndipo chachu ichanganywe kwa mikono safi.

Wengine watasema jina si kitu, soko limezoea "mbegu". Lakini hata Wafaransa hawasemi mbegu, wanasema "nyeupe ya uyoga". Sisi katika mtihani tunaandika Kifaransa chao, tunapata pointi, na mama nyumbani anaendelea kupoteza pesa. Elimu hiyo inamsaidia nani?

Mwenye neno bora kupita "chachu" alilete, gazeti letu lina nafasi.

Mwanafunzi wa Biolojia-Kemia